Kigezo cha Tatu

Mwanamke mzee kutoka Bambu aliingia bila hodi katika ofisi ya kuwahudumia waliokimbia vita mjini Bunia, akaushika mkono wa Valérie, fundi wa kompyuta.

"Binti yangu, usiniachilie mupaka mashine iseme mujukuu wangu iko wapi."

"Sikuachilii, koko," Valérie alimwahidi bibi huyo.

Mtoto aliitwa Lotsove Ngabu Espoir. Valérie aliandika jina la kwanza na la mwisho. Wakatokea akina Lotsove Espoir wa kila kambi. Akaongeza Ngabu. Programu ikagoma: vigezo vimezidi. Walioitunga ng'ambo waliweka nafasi za majina mawili tu.

"Toa Ngabu, basi!" mwenzake alisema mlangoni. "Na ukuje kwa entretien, ile usaili, bako nakuita! Bakifunga mulango, ile kazi ya Kisangani imeenda."

"Ngabu ilikuwa bwana yangu," mzee alinong'ona. "Mutoto ilirizi jina yake."

Valérie akafungua msimbo wa utafutaji, aongeze kigezo cha tatu. Kiganja cha mzee kilikuwa kikavu, na udongo mwekundu ulibaki kwenye mikunjo yake.

"Valérie! Tumia basi mikono yote mbili!" mwenzake alipaza sauti.

Huko ukumbini, mlango wa usaili ulifungwa. Valérie aliendelea kuandika kwa mkono mmoja, herufi baada ya herufi.