Mguu wa Mbaruku

Mwatumu alikuwa ukumbini akiwafundisha vijana dansi alilolitunga mwenyewe, mlango ulipofunguka akaingia mumewe, Mbaruku. Hakumtarajia. Zamani walikuwa wakicheza pamoja, mpaka kiharusi kikamlegeza Mbaruku mguu, na Mwatumu akageukia kutunga.

Jozi nane zilizunguka sakafuni. Kila baada ya hatua tatu wachezaji wote walikokota mguu kidogo, bega likashuka. Kwenye maonyesho, hapo ndipo watazamaji hushangilia. Mwatumu aliitoa hatua hiyo nyumbani, akimtazama mumewe anavyotoka chumbani kwenda sebuleni, na hakuwahi kumwambia.

Mbaruku alitazama mpaka mwisho. Mwatumu akazima muziki, uso umemwiva kwa aibu.

"Baba Zena, ningekuambia," alisema kwa sauti ndogo.

"Lini?"



Mbaruku akawageukia vijana. "Mnaukokota kama mzigo," alisema. "Mimi huuvuta ili nifike ninakokwenda."

Kisha akamnyooshea mkewe mkono, kama zamani walipokuwa wakicheza, akasubiri. Kidole cha Mwatumu kilikuwa juu ya kitufe cha redio, asiweze kukibonyeza.