Mkono wa Kushoto

Miaka nenda miaka rudi, kila Jumamosi, alimpigia mumewe pasi fulana ya gofu. Sasa mzee amestaafu, na zawadi ni safari ya gofu ng'ambo.

"Chagua viwanja vitatu, baba watoto."

Mume akaigusagusa ramani. "Hiki. Hiki. Chochote."

Wakala wa safari, mcheza gofu mwenyewe, akacheka. "Shemeji, sisi wacheza gofu hatufichiki." Akatandaza mikono yake mezani: wa kulia mweusi tititi, wa kushoto maji ya kunde. "Huu huvaa glavu. Jua haliuoni."

Mke akageuka amtanie mumewe. Mikono ya mume ilikuwa juu ya ramani, yote miwili weusi mmoja, kama mapacha.

Kicheko kikamkauka mdomoni.

Polepole, mume akauteremsha wa kushoto chini ya meza.