Unyayo wa Sudi

"Nitapita bondeni mpaka kwenye jabali la mchanga, shemeji. Kesho kutwa nimerudi," alisema Sudi, akichora njia mezani kwa kidole.

Tunu alimmiminia chai. Safari iliyopita Sudi alikwenda huko na mume wa Tunu, akarudi peke yake na vibuyu vyote viwili vya maji.

Kila aingiaye jangwani hukanyaga udongo mbichi kwa Tunu, ili akipotea watafutaji waujue unyayo wake. Sudi akakanyaga.

"Utunze, shemeji."

"Kama ulivyomtunza mwenzio."

"Ulimi wako mkali kuliko jua," Sudi akacheka, akaondoka.

Alipotoweka, Tunu alichota maji kwa kata, akaiinamisha juu ya ule unyayo. Tone la kwanza likaangukia kisiginoni.