Kanga za Bi Mwanaheri

Jokofu la mafuta ya taa lilikuwa la marehemu mama yake, na lilipoacha kugandisha, Bi Mwanaheri alilifanya kabati la kanga. Sasa fundi Shekuwe alikuwa amelisimamisha kichwa chini miguu juu, kutwa kucha.

"Fundi, hilo jokofu au popo?"

"Dawa yake imekwama ndani, dada. Ikishuka, litaamka."

Asubuhi wakaligeuza. Fundi akakata utambi, akawasha taa ya chini, akainama mpaka mwali ukawa wa buluu. Jokofu halikunguruma wala kutikisika.

"Lipe muda," akasema, akaenda zake.

Bi Mwanaheri aliguna. Kitu hakina hata sauti! Akazipanga kanga zake ndani kama kawaida, akafunga mlango.

Kesho yake adhuhuri, nyumba ya pili kukiwa na harusi, alifungua atoe doti yake mpya. Ubaridi ukampiga usoni. Akaiweka kanga shavuni, akasimama hapo akicheka peke yake, kisha akajifunga moja, nyingine akajitanda, akatoka mbio kabla haijapoteza ubaridi wake.

Chini ya turubai wanawake walikuwa wakitota jasho. Shoga yake Mwanasha alimkumbatia, asimwachie.

"We! Umetoka wapi?"

"Kabatini," akajibu.

Nyuma ya Mwanasha foleni ilikuwa imekwishaanza, na bibi harusi mwenyewe, maua kichwani, alikuwa akiinuka kitini.