Mshale Mmoja Unatosha

Mzee Harub aliingia ndani ya kihema cha kuvizia wanyama, akajifungia. Taimur, mwenye duka, alisimama nje na bilauri yake ya chai, akaona ncha ya upinde ikilitutumua paa la kitambaa.

"Kifupi hiki," sauti ilitoka ndani. "Nipe kirefu zaidi."

"Ami, wenzio wote wanaenea humo."

"Wenzangu wana pinde za kisasa, fupi, zenye magurudumu. Huu wangu wa mti. Ukigonga paa tu, kazi imeharibika."

Taimur alicheka. Wazee wake walitoka Unguja, na hakumwacha salama mtu yeyote aliyezaliwa Tabora. "Nyie wa bara, wallahi! Miaka thelathini Maskati, pori halijakutokeni." Kisha akashusha sauti. "Lakini kuwinda hapa haramu, ami. Polisi wakikukuta nna lawama mimi."

"Siwindi."

"Kila anayeingia hapa maneno yake ndiyo hayo. Unamtaka paa?"

Harub alitoka kwa magoti, kanzu imejaa vumbi. Mkononi alikuwa na jeraha ambalo halijakauka. "Mwoga," alisema, kama anayejisemea mwenyewe. "Zamani alikuwa akila mkononi mwangu. Sasa akiniona tu, anakimbia."

Taimur aliacha kucheka. Akaenda nyuma, akaleta kihema kingine, kirefu, kilichochorwa majani ya kijani. Harub akakisukuma pembeni. Milima ya Ghala ni mawe matupu, nani ataamini kichaka? Alichagua cha rangi ya udongo, cheusi kwa ndani, chenye madirisha membamba ya kufunga kwa vifungo. Zipu hupiga kelele, na yule aliyekuwa akimvizia alikuwa na masikio makali.

"Na mishale?"

"Ninao mmoja. Unatosha."

Alikisimamisha nyuma ya nyumba, pale wadi, lile bonde kavu la mto, inapoanzia, chini ya mkunazi. Hapo ndipo yule mwoga wake alipokuja kila siku baada ya alasiri, kufuata kunazi zilizoanguka. Wanyamwezi waliomfundisha Harub utotoni walimwambia kibanda hutangulia, mviziaji hufuata. Basi alikiacha kitupu. Siku ya kwanza alisimama mbali akikikodolea macho, asisogee. Siku iliyofuata akasogea kidogo. Halafu akawa anapita ubavuni mwake kama anayepita jiwe. Yote hayo Harub aliyatazama akiwa garini, alimokuwa akilala siku hizi, akipumua kama mwizi.

Ijumaa Khawla, binti yake, alimkuta akikoga kwa maji matupu.

"Baba, Ijumaa leo, hata udi hujifukizi?"

"Harufu hutangulia, mwanangu."

Khawla alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. "Mjomba Marhoon kapiga simu. Kesho asubuhi anakuja kumchukua. Kule shambani kwake Rustaq kuna nafasi, na kuta."

"Kule atakufa."

"Na hapa? Jana kalia mpaka majirani wakatoka. Kajigonga mlangoni kwa kukukimbia wewe. Akija kuvunjika, baba, utajisamehe?"

Harub aliutazama mkono wake wenye jeraha. Ni yeye aliyejaribu kumshika, ni yeye aliyefanya haraka. Alijua Khawla hakosei.

"Nipe leo," alisema. "Leo tu. Akikimbia, sitasimama mlangoni kumzuia mjomba wako."

Khawla alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaingia ndani. Hakuuona upinde uliofungwa ndani ya shuka.

Ndani ya kihema mlikuwa na giza na joto. Harub alivaa nguo nyeusi, akakaa kwenye kigoda nyuma kabisa, mbali na dirisha, kwani mwanga ukikugusa umekwisha. Upepo ulitoka baharini, ukapita kwenye mkunazi kwanza ndipo ukamfikia. Vizuri. Kila kitu kilikuwa vizuri isipokuwa ule moyo wa mzee uliokuwa ukipiga kwa nguvu mpaka akaogopa utasikika nje.

Jua lilianza kulala. Hakuja. Harub akaomba dua zote anazozijua, akazirudia.

Ndipo majani makavu yakalia. Hatua, kimya, hatua. Alikuja kwa ule mwendo wake mpya wa kuchechemea, akasimama, akainama. Alikuwa karibu, karibu kuliko alivyowahi kuwa tangu kusi lililopita. Harub alisikia kunazi ikivunjika menoni mwake.

Angeweza kukaa hivyo tu, amtazame, basi. Lakini kesho kulikuwa na gari la Marhoon.

Akauinua upinde taratibu. Haukugusa paa. Akauchukua mshale. Machozi yalimjaa, akayaacha yashuke, kwani kuyafuta ni kutikisika. Akikosea hapa, hakuna mara ya pili.

Akaubana mti wa upinde midomoni, na kwa ule mshale akaugonga ugwe.

Ukaimba. Sauti nyembamba, ya kukoroma kidogo, kama nyuki ndani ya mzinga. Akagonga tena, akaufuata ule wimbo wa ujanani, wa kumwitia mtu dirishani, mpaka mwisho wake, kisha akafumba macho, akingoja kusikia miguu ikikimbia.

Miguu ilisogea. Kitambaa cha dirisha kikafunuliwa na vidole vyenye hina iliyofifia.

"Toka, Harub," mkewe, aliyekwisha kumsahau tangu kusi, alinong'ona, akigeuka kutazama nyuma kama msichana. "Baba kesha kwenda msikitini."