Kijiko cha Tatu

Siku hizi uji wa serikali una chembe inayotangaza imeingia tumbo la nani, ili fungu la watoto lisiliwe na wakubwa. Tunu alishanaswa mara mbili, kwa kosa la kuonja kama uji wa mwanawe umepoa.

"Mama Shani, tumbo lako jizi sugu!" jirani yake Mwanahawa alimtania. "Kijiko cha tatu, mtoto anapelekwa kwa mlezi mwingine."

"Najua, shoga."

Asubuhi hiyo Tunu alipuliza kijiko, akakisogeza mdomoni mwake kwa mazoea, akakirudisha upesi. Akamlisha Shani. Mtoto akapiga yowe, ulimi umeungua.

Ukutani ikawaka taa ya kijani: uji umefika salama.

Tunu akachota kijiko kingine, akapuliza.