Darubini ya Msabaha

Tangu risasi yake itoboe kofia ya rafiki yake Kibwana, akidhani ni paa kichakani, Msabaha hakuigusa tena bunduki. Asubuhi hiyo Kibwana mwenyewe alimshika mkono, akampeleka duka la silaha.

"Yaliyochoka ni macho, ndugu yangu," alimwambia. "Chagua darubini tuifunge juu ya bunduki yako, turudi porini."

Muuzaji aliwapa ndefu, yenye nguvu. Msabaha alipochungulia mlangoni aliona jani moja tu, kubwa kama sinia.

"Hiyo ni ya mbugani," Kibwana alisema. "Sisi paa wetu yu karibu. Tena bunduki yako ya kukoki kwa wenzo hutema maganda ya risasi juu, yataigonga kwa urefu wake. Jaribu hii fupi."

Kisha akavuka barabara, akasimama mbele ya ua wa michongoma. Msabaha akaiweka ile fupi jichoni. Ua wote ukaingia, na katikati yake mtu: ndevu za mvi, jino lililovunjika, kovu jembamba juu ya sikio.

"Imekufaa?" muuzaji aliuliza.

"Imenifaa. Nashukuru," alijibu Msabaha, bila kuishusha. Ng'ambo, Kibwana alikuwa akicheka, akimpungia mkono aje.